Kofia ya Kanga na Tuta la Fisi

Katika wanyama tunaowaona au kuwasikia kila siku, wapo wengi wenye kitu cha ziada juu ya kichwa. Jogoo ana upanga, ng'ombe ana pembe, twiga ana vipembe vyenye nywele, kanga ana kofia ngumu, na fisi, ijapokuwa kwa nje haonyeshi kitu, ana tuta la mfupa lililofichwa chini ya ngozi, katikati ya kichwa mpaka kisogoni. Ukiuliza bwenini vitu hivi ni vya kazi gani, utajibiwa upesi na watu wengi kwa mara moja. Huyu atasema ni pambo, yule atasema ni silaha, na wa tatu atasema vimeumbwa hivyo tu. Kisha taa zitazimwa na kila mtu atalala na jibu lake.

Mimi nimekaa na swali hili tangu Kidato cha Pili, na kwa muda huo nimejifunza jambo moja, ambalo ndilo ninalotaka kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu, wanafunzi wenzangu pamoja na walimu na wazazi wetu. Jambo lenyewe ni hili: alama iliyo juu ya kichwa haisomwi kwa kuitazama tu. Hatuna budi kuiuliza maswali matatu. La kwanza, ni kitu gani kimeshikamana nayo? La pili, ndani yake mna nini? La tatu, ni nani aliye nayo, naye huipata katika umri gani? Mtu akijibu kabla ya kuuliza maswali hayo anabahatisha tu. Na kubahatisha juu ya vichwa, kama nitakavyoeleza, kunaweza kuleta madhara hata kwa wanadamu.

Na tuanze na kanga, maana huyu ni jirani yetu. Asubuhi, katika barabara itokayo Lusahunga kwenda Nyakahura, kabla magari makubwa yaendayo Rusumo na Kabanga hayajawa mengi, makundi ya kanga huvuka kwa mbio, kila mmoja amevaa kofia yake kama askari anayechelewa gwaride. Watu wengi hudhani kofia hiyo ni sawa na upanga wa jogoo. Si sawa hata kidogo. Upanga wa jogoo ni ngozi na nyama yenye damu nyingi. Ukichemsha kichwa chake mpaka nyama itoke mfupani, upanga hupotea wote na fuvu hubaki laini juu. Lakini ukichemsha kichwa cha kanga wa kufugwa, utaona pembe ya mfupa imesimama juu ya fuvu, nayo imeota kutoka katika mifupa ya paji yenyewe. Juu ya mfupa huo pana gamba gumu, la kitu kile kile kinachofanya kucha zetu na kwato za mbuzi.

Basi tuiulize kofia hiyo maswali yetu. Je, kuna msuli wa taya ulioshikamana nayo? Hapana, imefunikwa na gamba lake tu. Ni nani aliye nayo? Madume na majike wote wanayo, ijapokuwa ya dume kwa kawaida ni kubwa zaidi. Huipata lini? Vifaranga hawana, huota kidogo kidogo kadiri wanavyokua. Kitu ambacho hakivuti taya, ambacho mtoto hana na mkubwa anacho, chaelekea kuwa ni alama ya kutambuana: huyu ni mtu mzima, huyu bado mtoto, huyu ni wa kwetu. Tena kanga wa sehemu mbalimbali za Afrika wana kofia za namna mbalimbali, nyingine ndefu na nyingine fupi. Wapo pia wataalamu wanaoona kwamba kichwa na shingo ya kanga, kwa kuwa havina manyoya, humsaidia kupoza ubongo wakati wa jua kali. Hayo yote ni mbali sana na jibu la kusema kwamba kanga ana majivuno.

Sasa ninamwomba kila asomaye aweke vidole vyake juu ya panja, yaani ubavuni mwa kichwa, nyuma ya jicho na juu kidogo ya sikio. Akiisha kuviweka, aume meno kwa nguvu, kisha alegeze, kisha aume tena. Atasikia kitu kikivimba na kunywea chini ya vidole. Kitu hicho ni msuli wa panja. Umetandazwa ubavuni mwa fuvu kama upepeo wa kuchochea moto, ncha yake ikashuka chini, ikapita ndani ya upinde wa mfupa wa shavu, ikashikamana na taya la chini. Msuli ukijikaza, taya huvutwa juu na meno hukutana.

Msuli ni kama kamba, na kamba haivuti kitu kama haina kigingi. Kwetu sisi wanadamu kigingi ni ubavu wa fuvu lenyewe. Fuvu letu ni kubwa kwa ajili ya ubongo, na taya zetu ni ndogo, kwa hiyo mahali ni pengi na msuli ni mdogo. Kwa fisi mambo ni kinyume. Taya zake ni kubwa na nzito, ubongo wake ni mdogo, na msuli wa kulia hupanda hata ukakutana na mwenziwe wa kushoto juu ya utosi. Hapo mahali pamekwisha. Ndipo mfupa unapoinuka katikati kama tuta la viazi, ili misuli yote miwili ipate pa kushika, mmoja upande huu na wa pili upande ule. Tuta hilo halimpigi adui wala halipambi uso. Kazi yake ni kuwa kigingi.

Wazee waliposema juu ya mfupa uliomshinda fisi, hawakumchagua mnyama huyo ovyo. Fisi madoadoa huvunja mifupa minene ya nyati na punda milia kwa magego yake, akala uboho, na mfupa wenyewe ukasagika tumboni mwake. Ndiyo sababu kinyesi chake kikikauka huwa cheupe kama chokaa. Mfupa uliomshinda huyo, umeshinda panja mbili na tuta moja.

Mbuzi, kwa upande wake, hana tuta la namna hii. Yeye husaga majani kwa kupeleka taya upande upande, na kazi hiyo hufanywa zaidi na misuli ya mashavu kuliko ya panja. Kwa hiyo, ukiona fuvu lisilo na tuta, usiseme mnyama huyo alikuwa dhaifu. Sema kazi yake ilikuwa nyingine.

Fuvu la fisi sijapata kulishika kwa mikono yangu, wala simshauri mwanafunzi yeyote aliokote. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, mafuvu, pembe na ngozi za wanyamapori ni nyara za Serikali, na kuwa nazo bila kibali ni kosa. Nasi wa Ngara na Biharamulo tunakaa mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2019 kutokana na mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, nayo ina kilomita za mraba 4,707. Lakini sheria haimkatazi mtu fuvu la mbwa wake aliyekufa, na mbwa ana tuta lile lile, ila ni dogo kuliko la fisi. Hapo ndipo nilipopata kitabu changu.

Nyumbani kwetu, katika vilima vya Ngara, tulikuwa na mbwa dume aliyeitwa Simba. Alilinda zizi la mbuzi kwa miaka tisa, akafa kwa uzee katika mwezi wa Desemba, babu akamzika kando ya mgomba. Nilimwomba babu ruhusa ya kumfukua nitakaporudi likizo ya Juni, ili nilisome fuvu lake. Alifikiri kidogo, akakubali kwa sharti kwamba nifukue mchana na kulifukia shimo vizuri. Juni ilipofika nilifukua saa nne ya asubuhi pamoja na mdogo wangu wa kiume. Tukaliosha fuvu kwa majivu na maji, tukaliweka juu ya jiwe likauke.

Kabla jua halijachwa, habari ilikwisha fika kisimani. Ilisemwa kwamba binti anayesoma shule ya bweni amefukua kichwa, na waliosema hawakutaja kwamba kichwa chenyewe ni cha mbwa.

Msomaji wa mbali pengine atacheka. Sisi wa Kanda ya Ziwa hatucheki. Katika mikoa yetu vikongwe wameuawa kwa panga kwa sababu ya neno uchawi, na mara nyingi ushahidi uliotolewa juu yao ni kuwa wana macho mekundu. Bibi yangu ana macho mekundu. Amepika kwa kuni, katika jiko lisilo na dirisha, tangu alipoolewa mpaka leo. Neno hilo likitupwa katika nyumba yetu lisingeniangukia mimi mwenye sare ya shule, lingemwangukia yeye. Mama alilijua hilo kabla yangu. Aliniita kando, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kalitupe chooni usiku huu huu, na kesho lisiwepo."

Babu akakataa. Alisema, "Tukilitupa usiku, tutakuwa tumetenda kile kile wanachotusingizia. Aliyefukua saa nne mchana, na aeleze saa nne mchana." Asubuhi yake akamtuma mtoto kwenda kuwaita majirani.

Walikuja watu wapatao kumi na wawili, wengine kwa wema, wengine kwa kutaka kuona. Niliwaamkia, "Shikamooni," nao wakaitikia, ila si wote. Magoti yalikuwa yakinitetemeka, kwa kuwa sijapata kusimama mbele ya wazee, sembuse kuwafundisha. Sikuanza na fuvu. Nilianza na panja. Niliwaomba kila mmoja aweke vidole vyake ubavuni mwa kichwa na aume meno, na wazee wenye heshima zao wakawa wanatafuna hewa pale uani hata watoto wakaangua kicheko. Mama mmoja aliyekuja amekunja uso akajishika panja mara tatu, akasema, "Kumbe kuna kitu hapa!"

Ndipo nilipolileta fuvu la Simba na kuwaonyesha mahali msuli ule ule ulipokuwa, na jinsi mfupa ulivyoinuka juu ya utosi ili kuushika. Nilimpa mzee mmoja mchunga ng'ombe apitishe kidole chake juu ya tuta. Alipitisha, akauliza, "Na mtoto wa mbwa, analo?" Nikamjibu, "Hana, babu. Kichwa cha mtoto wa mbwa ni mviringo na laini. Tuta huinuka kadiri misuli inavyokua."

"Basi ni kama sugu ya mkono wa mwenye jembe," akasema.

Nikamwambia kwamba amekaribia sana, lakini kuna tofauti moja. Sugu huja kwa kazi peke yake, na tuta huja kwa kazi pamoja na kuzaliwa. Maana wako mbwa wadogo wa kizungu wenye vichwa vya mviringo ambao hata wakitafuna mifupa maisha yao yote hawapati tuta. Mzee akatikisa kichwa, akalirudisha fuvu kwa mikono miwili, kama mtu arudishavyo kitu cha watu.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko, hajasema neno tangu asubuhi. Walipoanza kuinuka alisema, "Leo mmeuliza juu ya kichwa cha mbwa, mkajibiwa. Siku mtakapotaka kuuliza juu ya macho yangu, njooni vivyo hivyo mchana, nami nitawaonyesha jiko langu."

Hakuna aliyecheka. Yule mama aliyekuja amekunja uso ndiye aliyeingia jikoni kwanza, akatoka anafuta machozi kwa ajili ya moshi. Wiki ile ile baba alitoboa dirisha katika ukuta wa jiko, na tangu hapo sijasikia neno lililosemwa kisimani likirudiwa. Mama hata hivyo hakukubali fuvu lilale ndani ya nyumba, nami sikumlaumu. Lililala zizini kwa mbuzi, mahali Simba mwenyewe alipokuwa akilala, mpaka nilipolileta shuleni kwa idhini ya babu na ya mwalimu wetu wa Biolojia.

Nimesimulia habari hiyo kwa kuwa ni mfano wa kusoma alama ya kichwani bila kuuliza. Lakini wasidhani wasomaji kwamba ni wanakijiji tu wanaobahatisha. Hata wataalamu wakubwa wamewahi kulipa fuvu maneno ambayo fuvu lenyewe halikuyasema, na fuvu hilo ni la hapa hapa Tanzania.

Tarehe 17 Julai 1959, katika bonde la Olduvai huko Ngorongoro, Mary Leakey aliona mifupa na magego makubwa yametokeza katika udongo. Siku hiyo mumewe, Louis Leakey, alikuwa mgonjwa kambini. Vipande vilipounganishwa lilipatikana fuvu la kiumbe wa jamii ya binadamu wa kale, lenye umri wa miaka ipatayo 1,750,000. Louis alilipa jina la Zinjanthropus boisei: Zinj ni jina la kale la pwani ya Afrika Mashariki, na boisei ni kwa heshima ya Charles Boise aliyesaidia uchimbaji kwa fedha. Siku hizi kiumbe huyo huitwa Paranthropus boisei. Fuvu lilirudishwa Tanzania mwaka 1965, nalo ni mali ya Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Juu ya utosi wa fuvu hilo pana tuta la mfupa, kama la mbwa wetu Simba. Ubongo wake ulikuwa mdogo, kiasi cha theluthi moja hivi ya ubongo wetu, lakini magego yake yalikuwa makubwa mno na mifupa ya mashavu imetanuka ili msuli mnene upate njia. Taya la chini halikupatikana pamoja nalo. Hata hivyo, mtu ajuaye kusoma tuta na magego aliweza kusema mapema kwamba taya hilo lilikuwa nene na zito. Mwaka 1964 Kamoya Kimeu, mtafuta mifupa hodari wa Kenya, aliona taya la kiumbe wa jamii hiyo hiyo huko Peninj, karibu na Ziwa Natron, na kweli likawa nene na zito. Huo ndio uzuri wa swali la kwanza. Ukijua kilichoshikamana na mfupa, mfupa hukuambia hata kile usichokiona.

Lakini watu hawakutosheka na hapo. Kwa sababu ya tuta na magego hayo, kiumbe huyo alipewa jina la utani la mvunja kokwa, na ikasemwa kwamba alikuwa akipasua mbegu ngumu kwa meno. Mwaka 2011 wataalamu walitoa habari za kupima kemia ya meno ya viumbe wa jamii hiyo waliopatikana Kenya, wakaona kwamba chakula chao kikubwa kilikuwa mimea ya jamii ya nyasi na mafunjo. Kula majani magumu mengi kutwa nzima nako kwataka msuli mkubwa. Basi tuta lilisema kweli liliposema, "Misuli ilikuwa mikubwa." Halikusema, "Ni kwa ajili ya kokwa." Neno kokwa liliongezwa na watu.

Sasa tuje kwa swali la tatu, la nani aliye nayo. Mwalimu bora wa swali hili ni gorila wa milimani, aishiye katika misitu ya Rwanda, Uganda na Kongo, nchi zilizo karibu nasi. Gorila dume ana tuta kubwa juu ya fuvu, na juu ya tuta pana nyama na mafuta, hata kichwa chake huchongoka kama kilele cha kilima. Jike, ambaye hula majani yale yale katika msitu ule ule, tuta lake ni dogo au hana kabisa. Kama tuta lingekuwa la chakula tu, tungetegemea wote wawili walipate sawasawa. Ni kweli dume ni mkubwa zaidi, na taya kubwa zataka msuli mkubwa. Lakini wapo wataalamu wanaoona pia kwamba kichwa kirefu humtangaza dume mbele ya majike na mbele ya madume wenzake. Kwa hiyo mfupa mmoja waweza kufanya kazi mbili: kigingi ndani, na bendera nje.

Twiga, mnyama wa taifa letu, hujibu swali hilo hilo kwa namna yake. Mtoto wa twiga huzaliwa na vipembe vilivyolala, navyo ni vya gegedu, havijaungana na fuvu. Lau vingekuwa mifupa iliyosimama, mama angepata taabu kubwa wakati wa kuzaa. Baadaye husimama, hugeuka mfupa, na mwisho huungana na fuvu. Jike huwa na nywele juu ya ncha za vipembe, na dume mzee huwa na upara hapo, kwa sababu hupigana kwa kuzungusha shingo na kugonga kwa kichwa. Tena fuvu la dume huendelea kuongezeka mfupa kadiri anavyozeeka, hata likawa zito kama rungu. Hapa basi waliosema bwenini kwamba ni silaha walisema kweli, lakini si kwa wanyama wote.

Limebaki swali la pili, la kilichomo ndani. Pembe ndefu za ng'ombe wa Ankole, ambao wengi wetu tumewaona Karagwe na Ngara, zina mfupa ndani na ganda nje. Mfupa huo umeota kutoka kichwani, una nafasi za hewa na mishipa mingi ya damu, kwa hiyo ng'ombe mzima akikatwa pembe karibu na kichwa hutoka damu nyingi na kuumia sana. Wazee husema ng'ombe haelemewi na nunduye. Nami naongeza kwamba haelemewi na pembeze, maana si mti mtupu. Ndani yake mna damu na hewa. Ndivyo alivyo na hondohondo mwenye kofia juu ya mdomo: ukimwona unadhani atachoka kuibeba, kumbe ndani ni vyumba vya hewa na vijiti vyembamba vya mfupa.

Mfano mkubwa kuliko yote wa kutazama ndani umetoka mbali, katika jimbo la Alberta, nchi ya Kanada. Huko lilipatikana fuvu la dinosaria aitwaye Parasaurolophus, nalo likaelezwa katika vitabu mwaka 1922. Mnyama huyo alikuwa na mfupa mrefu uliotoka kichwani na kuelekea nyuma, nao una uwazi ndani kama mabomba. Wengine walidhani ni bomba la kuvutia hewa anapozama majini. Dhana hiyo ilivunjwa na jambo dogo ambalo hata mtoto wa darasa la tatu angeliona: ncha ya bomba haina tundu. Mabomba hayo yameungana na pua, yakaenda nyuma, yakageuka na kurudi. Siku hizi wengi huona kwamba yalikuwa ya kutolea sauti nzito, kama baragumu, na pia ya kutambuana kwa macho. Wingi wa maneno haukumaliza hoja ile, ilimalizwa na aliyeuliza, "Tundu liko wapi?"

Ndugu wasomaji, nimewatembeza kutoka Nyakahura mpaka Kanada, na mtaona kwamba hakuna jibu moja linalotosha kwa vichwa vyote. Kwa kanga ni alama, kwa fisi ni kigingi, kwa twiga dume ni rungu, kwa gorila ni kigingi na bendera. Wenye majibu ya upesi bwenini kila mmoja alishika ukweli wa mnyama mmoja, akataka kuwavisha wanyama wote.

Kwa wanafunzi wenzangu nasema hivi. Likizoni msitafute mafuvu ya porini, bali tazameni vichwa vilivyo nyumbani: mbuzi aliyechinjwa sikukuu, kuku, sungura, hata samaki. Chukueni ruhusa ya wakubwa, fanyeni mchana, na ulizeni maswali matatu. Katika mtihani pia mtayakuta, kwa maneno mengine, kila mtakapoambiwa mweleze umbo la kiungo na kazi yake.

Kwa wazazi wetu nasema kwa heshima: mtoto akiwaletea mfupa na swali, msiogope swali. Nyumba ambayo mambo yake huulizwa hadharani ina usalama kuliko ile ambayo mambo yake hunong'onwa kisimani. Na kama kuna bibi mwenye macho mekundu katika jirani yenu, kabla hamjasema neno lolote juu yake, ingieni kwanza jikoni mwake mkakae kitako mpaka chungu kichemke.